Majani Yasiyogusa Udongo: Banissa katika Historia ya Kilimo cha Maji

Kilimo cha maji, yaani ukuzaji wa mimea ambayo mizizi yake hukaa ndani ya maji yenye virutubishi badala ya udongo, huelezwa mara nyingi kama ubunifu wa miji mikubwa iliyosongamana watu na kupungukiwa na ardhi. Historia yake haiungi mkono maelezo hayo, kwa kuwa mahali ilipotumika kwanza nje ya maabara palikuwa visiwa vya mawe na kambi za wanajeshi, na baadaye majangwa. Kwa sababu hiyo nchi kavu ya kaskazini mashariki mwa Kenya, na hasa eneo kama Banissa katika Kaunti ya Mandera, inaweza kuisoma historia hiyo kama jambo linaloihusu, ingawa inaisoma ikiwa na swali lake yenyewe. Udongo Banissa inao. Kinachoulizwa huko ni maji: yametoka wapi, yamebeba nini, na yatadumu hadi lini.

Banissa iko magharibi mwa kaunti hiyo, karibu na mpaka wa Ethiopia, katika nchi iliyoinuka kuliko tambarare za upande wa mji wa Mandera, na wakazi wake wengi ni Wagarre na Wadegodia. Ilipata kuwa eneo bunge linalojitegemea katika uchaguzi wa 2013, mwaka uleule ambao serikali za kaunti zilianza kazi. Mto Daua, ambao kwa masafa marefu ndio mpaka wa Kenya na Ethiopia, hupita kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Malkamari iliyotangazwa mwaka 1989, lakini mji wenyewe hauko mtoni. Maisha yake yameegemea silanga, yaani mabwawa yanayochimbwa ardhini ili kukinga maji ya mvua yanayoteremka kwenye miinuko, na silanga hizo hujazwa na misimu miwili tu: gu, ambayo ni mvua ya masika, na deyr, ambayo ni mvua ya vuli. Misimu mitano mfululizo ilipokosa mvua ya kutosha kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mabwawa yalikauka, na katika sehemu nyingi za kaunti maji ya kunywa yalifika kwa malori.

Katika nchi ya namna hiyo jani bichi la jikoni halikuwa na historia ndefu, na sababu yake si uhaba wa ladha. Mfugaji anayehama na ngamia hawezi kubeba tuta la dania wala chungu cha mrihani, na mapishi yake yalijenga harufu zake kwa vitu vikavu, kwa kuwa kikavu ndicho kinachosafiri. Iliki, mdalasini na karafuu zilipanda kutoka bandari za Benadiri, katika pwani ya Somalia, pamoja na misafara, zikatiwa katika chai na nyama. Na mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa ambao Wasomali huuita hawaash ulikaa ndani ya mfuko bila kuharibika. Maziwa nayo yalipewa harufu kwa njia ambayo haihitaji jani hata moja: chombo cha maziwa hufukizwa ndani kwa vijiti vya mti maalumu vilivyowashwa, na moshi huo huipa ladha maziwa ya ngamia na kuyachelewesha kuharibika. Mandera hiyohiyo ni nchi ya ubani na manemane, utomvu mkavu wa miti ya nyika ambao umekuwa bidhaa ya biashara kwa karne nyingi. Mwandishi yeyote anayedai kwamba wafugaji hawa hawakuwa na elimu ya mimea yenye harufu atakuwa ametafuta bustani mahali ambapo ilimpasa atazame chetezo.

Jani bichi lilikuja na mji, na mji ulikuja kwa njia ngumu. Chini ya utawala wa Waingereza, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa eneo lililofungwa, ambalo watu hawakuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliiharibu mifugo na biashara, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika hadi 1991. Katikati ya miaka hiyo, Taarifa ya Serikali Nambari 10 ya 1965 ilielekeza fedha za maendeleo katika sehemu zenye ardhi nzuri na mvua nyingi, na matokeo yake ni kwamba utafiti wa kilimo nchini ulitazama nyanda za juu kwa muda mrefu kabla haujaitazama nyika. Ukame uliofuatana uliwaondoa wengi katika ufugaji na kuwaweka kando ya visima, shule na vituo vya msaada. Waliokaa mahali pamoja walianza kula vyakula vya mahali pamoja: wali, tambi, na achari kali ya pilipili iitwayo basbaas, ambayo hupendeza ikitiwa dania, limau na kitunguu saumu. Mashamba ya umwagiliaji kando ya Daua, kama yale ya Rhamu, hutoa vitunguu, ndizi na matikiti, lakini jani laini hunyauka haraka katika joto na vumbi la barabara, na ni katika pengo hilo kati ya mto na meza ndipo wazo la kukuza dania au nanaa ndani ya nyumba, katika chombo cha maji, linapopata maana.

Wazo lenyewe lilizaliwa kutokana na mabishano ya wanasayansi, si kutokana na njaa. Mwaka 1648, baada ya kifo chake, yalichapishwa maandiko ya Jan Baptist van Helmont wa Brussels, aliyepanda mche wa mti wa wilo wenye uzito wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaumwagilia kwa miaka 5, kisha akaupima na kuukuta umefikia ratili 169 hali udongo umepungua kwa takriban aunsi 2 tu. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alikosea, kwa kuwa hakuihesabu hewa, lakini kosa lake lilikuwa la manufaa: ikiwa mmea hutokana na maji, basi inafaa kuulizwa kama maji yote ni sawa.

Aliyeuliza hivyo alikuwa Mwingereza John Woodward, na mmea aliouchagua ulikuwa nanaa. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1699, aliyaweka machipukizi ya nanaa katika vyombo vya kioo, akayapa mengine maji ya mvua, mengine maji ya Mto Thames, mengine maji ya mfereji wa Hyde Park, na mengine maji ya mfereji huohuo yaliyochanganywa na udongo wa bustani, kisha akapima kwa uangalifu uzito ulioongezeka. Nanaa ya maji ya mvua iliongezeka kwa greni 17.5, greni moja ikiwa ni kama miligramu 65. Ile ya Mto Thames iliongezeka kwa greni 26. Na maji yaliyotiwa udongo yalishinda yote. Kwa maneno mengine, kadiri maji yalivyokuwa machafu ndivyo nanaa ilivyonenepa, na Woodward akatambua kwamba mmea haulishwi na maji matupu bali na vitu vya ardhini vilivyomo ndani yake. Jaribio hili linastahili kukumbukwa kuliko mashine nyingi zilizofuata, kwa sababu linafanana mno na hali ya mtu wa Banissa, ambaye naye ana maji ya aina mbalimbali mbele yake: ya mvua kutoka paa la mabati, ya silanga, na ya lori.

Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu kuvitaja vitu hivyo kwa majina. Kuanzia miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walionyesha kwamba mmea unaweza kukua hadi kuzaa mbegu katika maji safi yaliyotiwa chumvi chache za madini, zenye nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalisi, magnesi, salfa na chembe za chuma. Hapa neno chumvi lina maana ya kikemia, wala si chumvi ya kupikia, ambayo kwa mimea mingi ni sumu. Kuanzia 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliyatoa maarifa hayo maabara na kuyatangaza kama kilimo cha biashara, akionyesha minyanya mirefu kuliko mtu. Wenzake Dennis Hoagland na Daniel Arnon walijibu mwaka 1938 kwamba mazao hayo hayakuwa bora sana kuliko yale ya udongo mzuri uliotunzwa vyema. Jibu lao lilikuwa la haki, na lilionyesha bila kukusudia mahali ambapo teknolojia hiyo ingefaa, yaani pale pasipo udongo mzuri au pasipo maji ya kupoteza.

Mahali hapo palipatikana mara moja. Shirika la ndege la Pan American lilikuza mboga kwa njia hiyo katika kisiwa cha Wake, kati ya bahari ya Pasifiki, kwa ajili ya abiria waliotua huko, na mwaka 1945 jeshi la anga la Marekani lilifanya vivyo hivyo katika kisiwa cha Ascension, katika Atlantiki, kwa kokoto za volkeno. Visiwa hivyo vilifundisha jambo ambalo watangazaji wa leo hulipita haraka: bustani isiyo na udongo haijitegemei, kwa kuwa virutubishi vyake hufika kwa meli au kwa ndege. J. Sholto Douglas alijaribu kulipunguza tatizo hilo kuanzia 1946 huko Kalimpong, India, alipobuni mfumo wa kokoto na mchanga usiohitaji pampu, uliokusudiwa watu wa kawaida.

Nchini Kenya mbinu hii iliingia kupitia mlango wa matajiri, katika mashamba ya maua ambako mawaridi ya kuuzwa Ulaya hukuzwa katika mawe mepesi ya volkeno au makumbi ya nazi. Kaskazini mashariki ilipata kwanza jamaa wa karibu wa mbinu hiyo: katika kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991, familia za wakimbizi zilifundishwa kulima mboga katika magunia yaliyosimamishwa, yenye udongo na nguzo ya mawe katikati, na kumwagiliwa kwa maji yaliyokwisha kutumika kuoshea. Jangwani Algeria, katika kambi za Wasahrawi, mhandisi Taleb Brahim alichagua njia nyingine, akaotesha shayiri bila udongo kwa ajili ya mbuzi, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaisambaza mbinu hiyo kwingine, Kenya ikiwemo. Kwa jamii ya wafugaji uamuzi huo una mantiki yake: mbuzi akila, maziwa hupatikana.

Majani ya jikoni ni jambo dogo zaidi, lakini kwa udogo wake ni rahisi zaidi. Mpango uliotangazwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii hauhitaji pampu wala umeme: chombo kisichopitisha mwanga hujazwa maji yenye virutubishi, mmea huning'inizwa mdomoni mwake, na maji yanapopungua huacha nafasi ya hewa ambayo mizizi ya juu huipumulia. Hewa hiyo ni muhimu kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na mizizi iliyozama yote katika maji vuguvugu huoza. Nanaa na mrihani hutoa mizizi kwenye vifundo vya shina lililokatwa, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, hali dania ni lazima ipandwe kwa mbegu, nayo huharakisha kutoa maua joto linapozidi. Gramu moja au mbili za virutubishi hutosha lita moja ya maji, na kwa hiyo kilo moja iliyobebwa na lori huhudumia jiko moja kwa muda mrefu.

Kinachobaki ni aina ya maji. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Mandera yana chumvi, na chumvi hiyo huongezeka ndani ya chombo kila maji yanapofyonzwa, mpaka ncha za majani zikaungua. Maji ya mvua hayana kasoro hiyo, ila hayana chakula. Maji ya silanga, ambayo mifugo huyanywa na kuyakanyaga, yana chakula kwa sababu ileile aliyoigundua Woodward, lakini yana pia vijidudu, na kaunti iliyopatwa na mlipuko wa kipindupindu mwaka 2016 haiwezi kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Dania huliwa mbichi katika basbaas. Nanaa ikitiwa katika chai hupita kwenye maji yanayochemka. Kwa nyumba ya Banissa yenye pipa la maji ya paa na mfuko wa virutubishi, mimea yote miwili inawezekana. Kwa ile yenye maji ya silanga peke yake, ni nanaa ya chai ndiyo inayofaa kuanziwa.