Bustani za Munyu: Elimu ya Wanawake wa Kibiro

Ziko bustani ambazo hazioti hata jani, na juu ya hayo zimelisha watu kwa karne nyingi. Bustani hizo ni za Kibiro, kijiji cha Wanyoro kilichobanwa baina ya ukuta wa Bonde la Ufa na Ziwa Albert, wilayani Hoima, magharibi ya Uganda. Wenyeji waliliita ziwa hilo Mwitanzige, yaani muua nzige, kabla Samuel Baker hajalipachika jina la mume wa malkia wake mwaka 1864. Ukanda wa Kibiro ni mwembamba na mkavu, haufai kwa kilimo. Chakula huteremka kutoka nchi ya juu. Na kinachopanda mlima kwenda kukilipia ni samaki wa wanaume na chumvi ya wanawake.

Chumvi hiyo haichimbwi wala haikaushwi katika mabwawa, kama ajuavyo msomaji wa pwani. Chini ya mlima hutokota chemchemi za moto, na maji yake ya munyu huilowesha ardhi. Mwanamke hutandaza udongo mkavu, mwepesi, juu ya ardhi hiyo chepechepe. Jua linapowaka, udongo hunyonya munyu kutoka chini. Ukisha kukauka, hukwanguliwa na kutandazwa tena, siku baada ya siku, hadi ushibe. Kisha hutiwa katika chombo chenye matundu chini, humiminiwa maji, na maji yanayodondoka huchemshwa juu ya kuni mpaka ibaki chumvi nyeupe. Udongo uliokwisha kuchujwa hautupwi: hurudishwa bustanini ukaanze kazi upya. Hapo ndipo ilipo hekima yenyewe. Bustani haichakai, kwa sababu hakuna kinachotolewa humo ila munyu ambao chemchemi huurejesha.

Hekima hiyo ina umri mkubwa. Mwaka 1989 na 1990 mwanaakiolojia Graham Connah alichimba Kibiro, akakuta matabaka ya vigae na majivu yenye kina cha mita kadhaa. Kwa hesabu yake, kazi ya chumvi imeendelea hapo kwa miaka baina ya 700 na 900. Yeye na wenzake, akiwemo mwanahistoria wa Uganda Ephraim Kamuhangire, waliiandika kazi hiyo hatua kwa hatua, na kitabu cha Connah kuhusu Kibiro kikatoka mwaka 1996.

Katika muda huo wote, dola zimepita juu ya bustani hizo kama mawingu. Chumvi, pamoja na majembe ya chuma, ilikuwa nguzo ya biashara ya ufalme wa Bunyoro. Waingereza walimpiga vita Omukama Kabalega tangu mwisho wa mwaka 1893. Wakamkamata mwaka 1899 na kumhamishia visiwa vya Shelisheli. Alifariki mwaka 1923, akiwa njiani kurejea kwao. Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1967, ukarudishwa mwaka 1993. Kiti kilianguka na kikasimamishwa tena. Udongo wa Kibiro uliendelea kutandazwa asubuhi na kukwanguliwa mchana. Mama alimrithisha binti bustani, na pamoja nayo jicho la kutambua udongo ulioshiba.

Lililo zito kuliko vita lilikuja kwa reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901, na chumvi ya ng'ambo ikapata njia nyepesi ya kuingia bara. Leo sehemu kubwa ya chumvi inayouzwa Uganda hutoka pwani ya Kenya, katika mabwawa ya kaskazini ya Malindi. Ni rahisi, na huongezwa madini joto, jambo ambalo serikali ya Uganda iliamua katika miaka ya 1990 kulidai kwa chumvi ya kuliwa. Dai hilo ni la haki, kwani linawakinga watoto na maradhi. Ila mwanamke anayechemsha chungu kimoja hana kiwanda cha kulitimiza. Kuni nazo zimekuwa adimu mlimani, na mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda na kufunika maeneo ya chini ya ufuko wake.

Mwaka 1997 Uganda iliitia Kibiro katika orodha ya mahali inapokusudia kupapendekeza kuwa urithi wa dunia. Heshima hiyo inastahili, na vitabu vinastahili. Walakini kitabu kinaweza kueleza kwamba udongo hutandazwa kwa wembamba. Hakiwezi kumwambia msichana ni wembamba gani unaofaa asubuhi yenye umande, wala ni lini wingu la mvua linatosha kumfanya aharakishe kukusanya. Hayo hujifunzwa kwa miaka, kando ya mama, na msichana hatakaa huko ikiwa chumvi hainunuliwi.

Kwa hiyo kuihifadhi elimu hii ni kuhifadhi mambo manne pamoja: haki ya mwanamke juu ya bustani yake, kuni za kuchemshia, njia ya kuongeza madini joto kwa kipimo kidogo, na soko. Waganda husema *omunnyu*, na Kiswahili nacho kingali na neno lake la munyu. Neno limesalia kwa sababu lingali mdomoni. Ujuzi nao utasalia maadamu uko mikononi.