Daphne Sheldrick, Tembo, na Dungu la Mjomba

Katika kipindi kimoja cha historia ya uhifadhi nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu habari za Daphne Sheldrick, mwanamke aliyelea tembo yatima kwa maziwa ya chupa. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Meatu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na waliofukuzwa ili tembo wakae, hao walilelewa na nani?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nimezaliwa Maswa, na swali lile nimelisikia nyumbani kwa lugha nyingine tangu utotoni.

Tuanze na mwanamke mwenyewe. Alizaliwa Kenya tarehe 4 Juni 1934, jina lake Daphne Marjorie Jenkins, akakulia katika shamba la wazazi wake karibu na Gilgil, ndani ya Bonde la Ufa. Jamaa zake walitoka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ile, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikitafuta walowezi. Ardhi ya bonde hilo haikuwa tupu. Wamaasai walikuwa wakilisha ng'ombe wao humo hadi walipohamishwa kwa mkataba wa 1904. Binti huyo hakuwa na hatia kwa hilo, lakini historia ya maisha yake haiwezi kuanza bila hilo.

Utotoni alilea mtoto wa pongo aliyekosa mama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baba yake alipewa kazi ya kuwinda nyumbu na pundamilia ili askari wapate nyama. Kwa hiyo alilelewa kati ya mambo mawili yanayopingana: mnyama wa kunyonyeshwa na mnyama wa kupigwa risasi. Sisi tuliokulia mazizini hatulioni hilo kuwa ajabu. Bibi yangu alimwita kila ndama kwa jina, na sikukuu ilipofika alikuwa wa kwanza kuinjika chungu.

Mwaka 1953 aliolewa na Bill Woodley, mhifadhi wa Tsavo. Ndoa hiyo ilivunjika, na mwaka 1960 akaolewa na David Sheldrick, mkuu wa kwanza wa Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Miaka iliyofuata ilikuwa ya maisha ya porini: ukame, majangili, na nyumba iliyojaa vifaru, nyati na tembo wachanga. Nisingependa kuieleza kwa shangwe tupu. Tsavo ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1948, Wawaata, wawindaji hodari wa pinde kubwa na mishale ya sumu ya msunguti, waligeuka wahalifu katika nchi ya babu zao. Katika operesheni ya miaka ya 1956 na 1957, iliyoongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, wengi wao walifungwa. Baadaye ulianzishwa mpango wa Galana, uliokusudiwa kuwaruhusu Wawaata kuwinda kihalali na kunufaika, lakini haukudumu. Kwa hiyo waume wote wawili wa Daphne walikuwa upande mmoja wa mstari huo, na Wawaata upande wa pili.

Hata hivyo, alichofanya mama huyu kwa mikono yake kinastahili heshima. Mtoto wa tembo hayawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Humharisha hadi afe. Daphne alihangaika kwa takriban miaka 28 akichanganya, akipima na kuzika, mpaka akagundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia mafuta ya maziwa ya tembo. Mtoto mmoja aliyeitwa Aisha aliishi miezi sita kwa mchanganyiko huo. Daphne akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, na Aisha, aliyekuwa amemzoea yeye peke yake, akasusa chakula akafa. Kutokana na msiba huo alijifunza kwamba mtoto wa tembo asiachiwe mlezi mmoja. Ndiyo sababu walezi hubadilishana zamu, wakilala zizini na watoto hao na kuwanywesha kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Walezi hao ni vijana wa Kenya, na magazeti ya nje huwataja mara chache sana. Kama ufadhili ni kutoa, basi usingizi wao nao uhesabiwe.

David alifariki mwaka 1977, mwaka uleule Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Mjane akahamia katika Hifadhi ya Nairobi na kuanzisha mfuko kwa jina la marehemu. Wafadhili wa mbali wakaanza kuchangia malezi ya tembo mmoja mmoja, kila mnyama na jina lake. Alipofariki tarehe 12 Aprili 2018, mfuko ulikuwa umelea tembo zaidi ya 200.

Sasa nirudi nyumbani. Pori la Akiba la Maswa limebeba jina letu ingawa leo liko katika wilaya za jirani. Jina hilo ni kumbukumbu ya enzi ambapo Maswa ilikuwa wilaya kubwa, kabla Bariadi na Meatu hazijagawanywa. Pori hilo linapakana na Serengeti, na humo uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa vitalu. Tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, kwa hiyo sibishani na anayesema walihitaji kulindwa. Hoja yangu ni gharama. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kisichozidi ekari tano. Viwango vimepandishwa tangu wakati huo. Lakini jina lenyewe linasema yote: si fidia. Serikali inakufuta jasho, haikiri deni.

Nawakumbusha pia watumishi wa umma wanaosoma hapa kwamba Wasukuma hawakusubiri mfadhili awafundishe kuhifadhi. Ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yafunguliwe kiangazi, ni sheria ya wazee wetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa sababu uliikuta ngitili ikiwa bado hai vichwani mwa watu. Hakuna ngitili iliyowahi kupewa jina na kuchangiwa kutoka ng'ambo kila mwaka.

Mjomba wangu analima mahindi na mtama Itilima, si mbali na pori. Msimu uliopita tembo waliingia shambani kwake usiku mmoja, wakamaliza karibu ekari mbili. Nilimsaidia kuandika maombi ya kifuta jasho, tukayapeleka ofisini, tukaambiwa tusubiri. Nilipokwenda kumsalimu tena, nilimkuta juu ya dungu na debe lake, akinisimulia kwamba kundi lile lilikuwa na mtoto mdogo ambaye miguu yake haikuwa imara bado. "Huyo nilimwonea huruma," alisema. "Nilipiga debe polepole."