Haki Jinai Zanzibar: Shahada ya Kwanza Isiishie Kwenye Hukumu

Chuo kikuu binafsi kinachotaka kufundisha haki jinai Zanzibar hakina budi kuanza na taasisi za Zanzibar zenyewe, na kumfuata mshtakiwa hadi siku anaporudi kwao baada ya kutumikia adhabu. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya.

Mfumo wetu una umbile la pekee. Polisi ni jambo la Muungano. Lakini jalada likitoka kituo cha Malindi, huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Kesi husikilizwa na mahakama za Zanzibar, na rufaa kutoka Mahakama Kuu huweza kufika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mwenye kutiwa hatiani hapelekwi kwa Jeshi la Magereza la Bara, bali Chuo cha Mafunzo, mojawapo ya Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi. Kwa kosa moja, mtu mmoja hupita mikononi mwa mamlaka za serikali mbili. Msomi asiyeijua njia hiyo hawezi kueleza nani awajibike mahabusu anapokaa rumande kupita kiasi.

Vitabu vingi vya fani hii havimsaidii. Shahada za haki jinai zilishamiri Marekani baada ya sheria ya mwaka 1968 iliyotoa fedha za kuwasomesha askari polisi, na mifano ya vitabu hivyo ni ya huko. Nadharia zao zina manufaa, ila haziwezi kusimama badala ya utafiti wa hapa. Historia nayo tunaisoma nusu. Wageni huvushwa hadi kisiwa cha Changuu kutazama gereza lililojengwa na Lloyd Mathews, ofisa Mwingereza wa serikali ya Sultani, miaka ya 1890, lililoishia kuwa karantini. Kiinua Miguu, wanakotumikia adhabu watu wa leo, wanafunzi wetu wangapi wanaiandikia tasnifu?

Wapo watakaouliza kuhusu ajira. Swali hilo ni la haki, kwani mzazi analipa ada. Jibu ni kwamba urekebishaji ni kazi ya kitaalamu. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka kifungo kimwandae mtu kurejea katika jamii, na zinataka watumishi wenye mafunzo. Mafunzo hayo yanahitaji saikolojia, ustawi wa jamii na sheria kwa pamoja. Nairobi, USIU-Africa, chuo binafsi, kina shahada ya kwanza ya fani hii. Jambo hili linawezekana.

Zanzibar University ya Tunguu, iliyoanzishwa mwaka 1998, tayari inafundisha sheria pamoja na sharia. Msingi upo. Kinachohitajika ni makubaliano na Chuo cha Mafunzo ili mafunzo kwa vitendo yafanyike humo, chini ya maadili yanayolinda heshima na siri za wanaotumikia adhabu. Wakuu wa vyuo na wa Idara wakae meza moja, waandike mtaala huo sasa.