Karatasi ya munganga na watoto watano wa Bogoro

Katika mukutano uliopita swali lilirudi: kwa nini dosye ya mutu inakataliwa wakati kijiji kizima kinajua aliumia? Tunajibu kwa historia ya Bogoro, kilometa kama 25 tu kutoka Bunia.

Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mwaka wa 2014 korti ya kimataifa ya La Haye, ile tunaita CPI, ilimuhukumu Germain Katanga miaka 12. Tarehe 24 Machi 2017 ikatoka hukumu ya fidia: watu 341 walikuwa wameomba, 297 wakakubaliwa, kila mumoja dola 250, tena msaada wa pamoja wa nyumba, masomo, kazi na matunzo ya roho. Dola 250, tuseme kweli, ni alama tu, na majaji wenyewe waliiita hivyo.

Kati ya waliokataliwa kulikuwa watoto watano, waliozaliwa nyuma ya shambulio kwa wazazi walioponea. Majaji hawakusema wanadanganya. Walikubali kwamba inaelekea watoto hawa wanaumwa rohoni juu ya mateso ya wazazi wao, lakini wakasema ushahidi hautoshi kuunganisha ugonjwa ule na ile siku ya Bogoro. Avoka akakata rufaa. Tarehe 8 Machi 2018 Chumba cha Rufaa kikaona kwamba sababu hazikuelezwa sawasawa, kikarudisha maombi yote matano yapimwe upya.

Mutu akisikia dosye "imerudishwa" anafikiri ameshinda. Hapana. Tarehe 19 Julai 2018 jibu likatoka: bado wamekataliwa.

Hapo ndipo ugumu wa Ituri. Munganga anaona ugonjwa, lakini ni siku gani iliuleta? Mzazi alikimbia Bogoro, vita vya Bunia vikamukuta Mei ileile ya 2003, akalala kambini, akapoteza makaratasi njiani. Sheria inataka siku moja; sisi tuliishi nyingi.

Kwa wale kati yetu waliotiwa jeshini wangali watoto, mambo yalikwenda vizuri kidogo. Katika kesi ya Lubanga, rufaa ya tarehe 18 Julai 2019 iliruhusu waliokataliwa kwa kukosa maelezo ya kutosha kuomba kupimwa tena. Katika ile ya Ntaganda, mwaka wa 2022, swali la watoto waliozaliwa nyuma ya vita lilirudishwa tena kwa majaji.

Memba wetu mumoja alileta cheti kilichoandikwa "maumivu ya mguu", basi. Hakuna tarehe, hakuna sababu. Munganga hakumuuliza, naye hakujua kusema. Ndiyo maana sasa mumoja wa komite anamusindikiza mutu, si kumufundisha maneno, ila aeleze yote yaliyomupata na yaandikwe. Mwezi huu sanduku letu limelipa moto na cheti kwa wawili. Watatu wangali wanangoja.