Umri Hutozwa, Moshi Huachwa

Tarehe 1 Desemba 2015, Sheria mpya ya Ushuru wa Bidhaa ilipoanza kutumika, mwagizaji wa gari la mtumba lililozidi miaka 3 alidaiwa Sh200,000 kabla gari halijatoka bandarini Mombasa. Gari changa kuliko hilo lilitozwa Sh150,000. Awali ushuru huo ulikuwa asilimia 20 ya thamani ya gari. Kwa kutazama juu juu, sheria ilikuwa na mantiki: kuukuu lilipe zaidi ya jipya. Hesabu ndiyo iliyoivua nguo. Gari la thamani ya Sh400,000, ambalo lingelipa Sh80,000, sasa lilidaiwa mara mbili na nusu ya hizo. Gari la kifahari la Sh6 milioni, lililokuwa lilipe Sh1.2 milioni, likapita kwa Sh200,000 zile zile.

Waagizaji walipiga kelele miezi mingi. Juni 2016, Waziri wa Fedha Henry Rotich alisoma bajeti na kuurudisha ushuru kwenye asilimia 20.

Nimeanzia hapo kwa sababu miezi ile ilionyesha wazi mzigo hutua kwa nani tunapoamua kulitoza gari miaka yake. Katika wadi ya Galbet, Garissa Mjini, anayenunua gari hutafuta Probox iliyokwisha kupitia mikono kadhaa. Mmiliki wa kwanza alikuwa Japani. Wa pili huenda alikuwa Nairobi. Gari likifika kwa fundi wa Garissa limeshazeeka, na ndilo linalobeba abiria, maziwa ya ngamia na mgonjwa wa usiku. Mwenye nalo hakuchagua ukuukuu. Alinunua kile ambacho mfuko wake uliweza.

Kikomo cha umri chenyewe kina historia ndefu zaidi. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango, KEBS, kilichotolewa mwaka 2000, kinakataza kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa mwaka 2026, maana yake ni kwamba gari lazima liwe limesajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye. Lakini mlinzi huyo yuko mlangoni tu. Gari la binafsi likishaingia nchini laweza kuzunguka miaka 20 au 30, na hakuna anayeuliza linatoa nini kwenye ekzosi.

Majirani nao walishika njia ya umri. Uganda iliweka ushuru wa mazingira kwa magari ya mtumba, kisha mwaka 2018 ikapiga marufuku uagizaji wa yaliyofikisha miaka 15. Tanzania ina ushuru wa uchakavu. Hapa kwetu, rasimu ya sera ya taifa ya magari ya mwaka 2019 ilitaka miaka 8 ishuke hadi 5, hatimaye 3, na wauzaji wa mitumba wakaipinga vikali. Mwaka huo huo magari ya umeme yalipunguziwa ushuru kutoka asilimia 20 hadi 10, huku yenye injini ya zaidi ya 1500cc yakipandishiwa. Kwa mkazi wa Nairobi injini kubwa yaweza kuwa anasa. Kwa anayekwenda Modogashe au Liboi mvua ikinyesha, Land Cruiser ndiyo barabara yenyewe.

Kuna hatua mbili ambazo ziliisafisha hewa ya Kenya bila ugomvi kama huu. Ya kwanza ni kuondolewa kwa madini ya risasi kwenye petroli, ahadi iliyotolewa na nchi za Afrika mjini Dakar mwaka 2001 na kukamilika mwanzoni mwa 2006. Ya pili ni Januari 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumia kiwango cha dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Zote mbili zilisafisha mafuta. Tajiri na maskini hujaza kwenye pampu moja, hivyo hakuna aliyeulizwa gari lake lina umri gani. Mafanikio haya hayasemwi vya kutosha, na ni kosa kuyasahau.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Kila mwenye gari angelipa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka wakati wa kukata bima, isipungue Sh5,000 wala isizidi Sh100,000. Gari jipya lisilo na moshi la Sh4 milioni lingelipa kiwango cha juu kabisa. Kuukuu linalofuka moshi mweusi lingelipa Sh5,000, lakini hizo zingetoka kwa mtu ambaye kwake ni pesa za wiki nzima. Kwa hewa haukufaa, kwa maskini haukufaa. Juni 18 mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, alitangaza kwamba kipengele hicho kimeondolewa. Wiki moja baadaye vijana walijaa barabarani, na mswada mzima ukaanguka.

Mjadala huu haujapita mbali na Galbet. Aden Duale, wakati huo mbunge wa Garissa Mjini, alikuwa Kiongozi wa Walio Wengi Bungeni sheria ya 2015 ilipopita. Kuanzia Agosti 2024 hadi Machi 2025 alikuwa Waziri wa Mazingira.

Ni lazima tuseme pia kwamba moshi unaua. London, msichana wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki kwa pumu Februari 2013, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Jiji hilo sasa hutoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilofikia kiwango, na tangu Agosti 29, 2023 eneo la kutozwa limefika mitaa yote. Kulikuwa na maandamano na kamera zilivunjwa. Hata hivyo, kigezo chao ni kiwango cha moshi ambacho injini ilitengenezewa, na jiji lilitenga pauni milioni 160 kuwasaidia watu kuachana na magari yao mabovu.

Kenya ina Kanuni za Ubora wa Hewa. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, nayo imependekeza magari ya binafsi yaliyozidi miaka 4 yakaguliwe. Ukaguzi huo ukiwa wa kupima moshi kwa kifaa, mwenye Probox iliyotunzwa atapita na mwenye gari jipya lililoharibiwa atarudishwa gereji. Atakayeshindwa asaidiwe kubadilisha gari, na hapa Garissa msaada huo hauwezi kuwa mkopo wa riba, kwa kuwa wengi ni Waislamu na hawataugusa. Benki za Kiislamu zimo nchini tangu 2008. Hazina ya Taifa izungumze nazo kabla ya kuandika ushuru mwingine wa magari, na iwaite wenye Probox wa Galbet katika kikao cha kwanza.