Maana Mbili za "Jazi"

Neno "jazi" tulilipokea kwa majina ya bendi: Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944. Bendi hizo zilipiga dansi. Kwa hiyo mwalimu wa Ngara au Biharamulo, aliyelizoea neno hilo redioni, akisoma kwamba Steve Lacy na Mal Waldron walirekodi jazi mbele ya hadhira mjini Paris mwaka 1981, atadhani watu waliinuka kucheza. Sivyo. Palikuwa na saksafoni na piano tu, wapigaji wakibuni papo hapo. Wafasiri wengine wangependa "jazi huru". Twasita, maana wawili hao walipiga pia tungo za Thelonious Monk. Twapendekeza "jazi ya kubuni". Dansi ibaki dansi.