Sita au Tisa: Udhaifu wa Kipimo cha Tarakimu kwa Masikio ya Wazee wa Lubumbashi

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wazima wapimwe usikivu kila baada ya miaka 5 kuanzia umri wa miaka 50, na kwamba wakishafika 65 wapimwe kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka huohuo inasema watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kufikia 2050 watakaribia bilioni 2.5. Hayo sina sababu ya kuyabishia. Ninachobishia ni chombo.

Kwa nchi zenye wataalamu wachache wa masikio, chombo kinachonadiwa siku hizi ni kipimo cha tarakimu katika kelele. Msikilizaji husikia tarakimu tatu zikitamkwa juu ya mvumo, akazibonyeza kwenye simu; programu hupunguza sauti akipatia na kuiongeza akikosea, mpaka ijulikane ni wapi anapopatia nusu ya majibu. Cas Smits na wenzake walikianzisha Uholanzi mwaka 2004. De Wet Swanepoel na wenzake wakakisambaza Afrika Kusini kwa simu za mkononi mwaka 2016, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likazindua programu yake ya hearWHO juu ya msingi huohuo. Hoja inayokibeba ni nyepesi na inavutia: hakuna asiyejua kuhesabu, kwa hiyo inatosha kurekodi tarakimu kwa lugha ya mahali na kazi imekwisha.

Kwa Lubumbashi kazi haijakwisha. Nadhani haijaanza.

Tuchukue tarakimu zenyewe. Ondoa konsonanti, bakiza irabu tu: moja ni o-a, mbili i-i, tatu a-u, nne e, tano a-o, sita i-a, saba a-a, nane a-e, tisa i-a, na sifuri, i-u-i. Kila tarakimu ina sura yake ya irabu isiyofanana na ya mwenzake, isipokuwa sita na tisa. Hizo mbili zimejengwa kwa sauti nne zilezile. Kilichobadilishana nafasi ni s na t. Sasa, uziwi wa uzeeni huanza juu, kwenye masafa ya Hz 2,000 na kuendelea, huku masafa ya chini yakibaki karibu salama kwa miaka mingi. Irabu hutegemea sana nguvu ya masafa ya chini. Nguvu ya s iko juu, kwa kiasi kikubwa kupita Hz 4,000, na mlipuko wa t nao uko hukohuko juu. Mzee aliyepoteza masafa hayo bado atasikia mpangilio wa irabu, na kwa tarakimu za Kiswahili mpangilio huo peke yake unamtosha kujibu. Atakwama kwenye sita na tisa, naam, lakini huko nako kubahatisha kutampa nusu.

Kwa maneno mengine, kipimo kilichorekodiwa kwa Kiswahili huenda kikampa cheti cha uzima mtu yuleyule kilichokusudiwa kumnasa. Itajibiwa kwamba tarakimu husawazishwa kabla ya kutumika ili zote ziwe na ugumu mmoja. Ni kweli, ila husawazishwa kwa masikio ya vijana wazima, na usawa wa sikio zima hauambatani na sikio lililochakaa. Waholanzi wenyewe walilitambua tatizo hili walipotafuta kipimo cha wafanyakazi wa viwandani: waliiweka kelele masafa ya chini, ikazifunika irabu, msikilizaji akalazimika kuzitegemea konsonanti. Kwa Kiholanzi hayo yalikuwa marekebisho. Kwa Kiswahili, chenye irabu tano na silabi zilizo wazi, ningesema ni sharti la kwanza.

Kuna jambo la pili, nalo ni la Lubumbashi hasa. Mjini hapa fedha, tarehe na nambari za simu huhesabiwa zaidi kwa Kifaransa ndani ya sentensi ya Kiswahili. Vincent de Rooij alionyesha mwaka 1996 jinsi maneno ya Kifaransa yanavyofanya kazi ya kupanga mazungumzo ya Kiswahili cha Katanga, na kitabu cha Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa cha 2014 kinakieleza Kiswahili cha Lubumbashi kama lugha yenye kanuni zake. Wanaoendelea kukiita Kiswahili kibovu hawanihusu katika makala ya tiba. Linalonihusu ni kile kinacholifikia sikio. Katika soko la Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi jirani ya Tanzania) mwanamke anayeuza unga wa mahindi hutaja bei kwa Kifaransa: «six mille» au «dix mille». Mbele ya mille, konsonanti ya mwisho ya six na ya dix hudondoka. Yanabaki si-mille na di-mille. Kinachotenganisha faranga 6,000 na 10,000 ni s dhidi ya d, basi. Mzee ambaye s imemtoka atasikia kitu kilichokatika kinachoishia na i, kisha mille, na atatazama mkono wa muuzaji ajue anadaiwa ngapi. Un na cinq nazo hukaribiana irabu. Tarakimu za Kifaransa zinaegemea konsonanti kuliko za Kiswahili, na ndizo anazozihitaji sokoni.

Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kufaulu kwa tarakimu za Kiswahili zilizorekodiwa Nairobi au Dar es Salaam, akashindwa maisha yake mwenyewe. Je, apimwe kwa Kifaransa basi? Hapana, au si kwa Kifaransa peke yake. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa na Potgieter na wenzake mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliokuwa na Kiingereza hafifu walipata matokeo mabaya zaidi katika kipimo cha tarakimu za Kiingereza, masikio yao yakiwa mazima. Orodha za maneno za kupimia usikivu za Fournier, zilizotungwa Ufaransa mwaka 1951, zina kasoro hiyohiyo kwa mama aliyeishi maisha yake yote kwa Kiswahili na kuokota Kifaransa cha bei tu. Na kipimo cha mnong'ono, kinachofundishwa kama njia ya bure, humtaka mzee arudie mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Majina ya herufi anayajua aliyekaa darasani. Tunapima sikio au tunapima shule?

Uzito wa jambo hili unatokana na historia ya mji. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kikaanza kazi mwaka 1911. Kampuni ya taifa ya Gécamines ikairithi mali hiyo baada ya utaifishaji. Kelele ya viwandani hulipiga sikio kwanza karibu na Hz 4,000, mahali palepale s inapokaa. Wanaume waliozeekea kwenye tanuri, mashine za kusaga mawe na karakana wamepoteza masafa ya juu mara mbili, kwa kazi na kwa umri. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa 2003 na 2004, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na wengi wao leo wamo katika umri unaotajwa na pendekezo la 2021. Kama kuna mji ambao kipimo kinachobebwa na irabu kitakosea zaidi, ni huu.

Wapo watakaoniambia niachane na maneno nitumie odiometa, mashine inayopima kwa milio, kwa kuwa mlio hauna lugha. Nakubali nusu. Odiometa inataka chumba kimya, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokatika jirani huwasha «groupe» yake, yaani jenereta. Mngurumo huo hufunika Hz 250 na 500 hata kwa kijana. Isitoshe, wazee hawaji kulalamika kwamba hawasikii milio. Hulalamika kwamba wanasikia sauti na hawashiki maneno.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kupima wasiolalamika hakujathibitika kuwa na faida. Jopo la kinga la Marekani lilisema hivyo mwaka 2012 na tena 2021. Jaribio la ACHIEVE la 2023 kuhusu vifaa vya kusaidia kusikia, lililohusisha wazee 977, halikuona tofauti ya kupungua kwa uwezo wa akili kwa kundi zima baada ya miaka 3, ingawa waliokuwa katika hatari zaidi walinufaika. Jibu langu ni la chini kuliko mjadala huo: nta iliyoziba sikio hutolewa siku hiyohiyo, na familia inayojua kwamba baba hasikii s huacha kumwita mkaidi.

Nyenzo zipo. Kupata, kukata, kutaka na kupaka vina mpangilio mmoja wa irabu na vinatofautiana kwa p, t na k tu. Kupika, kufika na kushika vinatofautiana kwa sauti moja moja ya aina tunayoitafuta. Vitenzi hivi havina haja ya shule. Viwekwe pamoja na bei za Kifaransa kama zinavyotajwa sokoni, vitamkwe na mkazi wa mji mwenye kusema mutoto na bintu, kelele iwekwe masafa ya chini. Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wanaisimu wa chuo hichohicho wanaweza kuianza kazi hii bila kusubiri programu kutoka nje. Ningependelea sauti irekodiwe ya mwanamke, kwa kuwa bei nyingi sokoni hutajwa na wanawake; lakini hilo litaamuliwa na majaribio, na inawezekana sauti zote mbili zikahitajika.